Magobore Mawili ya Mzee Mashimba

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani. Ilipiga bati mpaka padri akanyamaza, tukabaki tunatazamana. Mimi nilikuwa nimesimama mbele na somo la pili mkononi. Nilisubiri, sikukaa. Baada ya misa watu wawili walinisifu kwa kusubiri.

Nilipita kwa baba. Ana miaka themanini na sita, macho yamekwisha kabisa, masikio bado mazima. Alinishika mkono akasema, "Yeremia, yale magobore nataka niyasikie yakilia kabla sijaondoka."

Ni mawili, ya babu. Unashindilia baruti na goroli kwenye mdomo wa mtutu kwa mdeki, ile fimbo yake ya chuma, unaweka fataki, unafyatua. Babu aliwinda nayo. Baba aliyapiga kwenye ngoma na kwenye misiba ya wawindaji. Leseni zipo kwa jina la baba, na mwezi wa kwanza kutakuwa na uhakiki wa silaha. Polisi wanataka leseni zihamie kwa mrithi, na silaha ziwe zimepita mikononi mwa fundi mwenye kibali. Mrithi ni mimi. Miaka yote yamelala kwenye sanduku chumbani kwa mdogo wangu Chenge, anayeishi na baba na kumtunza.

Nilimwahidi baba kwamba yatalia yote mawili. Chenge alisema fundi wa kweli wa vitu hivyo hapatikani siku hizi, tuyaache. Nilimjibu kwamba yeye ni mtu wa kuacha mambo tangu shule.

Jumanne, 5 Novemba

Baada ya vipindi nimekwenda Mwanza mjini kwa fundi wa kuchomelea mageti niliyeelekezwa. Nilimwonyesha picha kwenye simu. "Leta, mwalimu. Napiga welding hapa na hapa, jioni inalia."

Nilimwuliza kama amewahi kutengeneza gobore. Akasema chuma ni chuma. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Sikuuliza zaidi, nikaaga.

Alhamisi, 7 Novemba

Duka la bunduki za kisasa. Kijana wa pale alipanua picha kwa vidole, akacheka, akaita mwenzake naye aje acheke. Waliniambia niyatundike ukutani sebuleni. Niliondoka nimeudhika kama vile wamemcheka babu.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumepanda mahindi. Mgongo.

Jumatatu, 11 Novemba

Mwalimu Rose, tunayefundisha naye, ameniambia kuna mzee Kamanga, ng'ambo ya ziwa, anaitwa Ojuok. Mjaluo wa Rorya, amekaa huko zaidi ya miaka thelathini. Ana kibali, na wawindaji wa Sengerema wote wanampelekea yeye. "Ila ni mkali," Rose alisema. "Kitu kisichofaa hakitengenezi, hata umlilie."

Nilisema mkali ndiye ninayemtaka.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimefika Kamanga. Polisi walinipa barua ya kusafirisha, nikayafunga magobore kwenye mkeka, nikapanda kivuko cha asubuhi. Abiria walijua ni nini. Kila aliyekaa karibu yangu alisogea kidogo.

Karakana ya Mzee Ojuok iko juu kidogo ya gati, chumba kimoja cha matofali chenye dirisha linalotazama maji. Nilitarajia fujo ya vyuma. Ni safi kuliko ofisi yangu ya mwalimu mkuu. Kibali chake kiko ukutani kwenye fremu. Yeye ni mrefu, mwembamba, wa miaka sabini hivi, na miwani yake imeunganishwa kwa waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Sikuwa nimemwambia mimi ni mwalimu. Alisema aliona chaki kwenye mfuko wa koti.

Aliyafungua magobore taratibu. La kwanza alilitazama, akavuta nyundo yake ya kufyatulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Springi imekufa, kile kichuchu cha fataki kimeziba, lakini lina uhai. La pili alilishika muda mrefu. Alipeleka mdomo wa mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia, akagonga kwa kucha, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akachukua kitabu chake cha risiti na kuandika, mistari mingi, kwa mkono mzuri wa watu wa zamani. Nakala moja kwake, moja kwangu.

Honi ya kivuko ikalia. Kingeniacha hicho ningekaa mpaka mchana, na nilikuwa na kikao cha parokia.

"Soma kwanza, mwalimu, ndipo usaini."

"Nakuamini, mzee," nilisema, nikasaini, nikatumbukiza nakala yangu mfukoni na kukimbia.

Nyumbani nilimwambia mke wangu Getruda kwamba hatimaye nimempata fundi mwaminifu. Nilipenda jinsi nilivyolisema neno hilo.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua kila siku. Darasa la nne linavuja kwenye kona ya wasichana.

Jumapili, 24 Novemba

Baba ameuliza habari za magobore mara tatu. Chenge hakuja kula.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeyachukua. Mzee Ojuok alinitembeza mpaka ufukweni, akashindilia la kwanza kwa baruti tupu, akanipa. Nilifyatua kuelekea majini. Mlio ulikwenda mbali, ndege wakainuka kwenye matete, na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikacheka kwa sauti.

"Na la pili?"

"La pili hapana."

"Hapana vipi?"

"Mtutu huu haustahimili baruti. Hili ni bomba, mwalimu, lina mshono ndani. Likilia, linaua anayelishika. Andika kwenye uhakiki kwamba ni la kumbukumbu tu."

Nilimwambia nimemwahidi baba yangu. Akasema, "Mwambie baba fundi amekataa." Hakuchukua malipo ya la pili. Nilimshukuru, lakini shukrani ilitoka nusu. Kwenye kivuko nilikuwa najiuliza: babu aliwezaje kuwinda maisha yake yote kwa bomba?

Jumapili, 1 Desemba

Naandika kabla sijala.

Baada ya misa nilimpelekea baba magobore yote mawili. Alikaa kwenye kiti chake uani, nikamwekea la kwanza mapajani. Alilipapasa kama mtu anayemsalimia mtoto aliyerudi safari. Kisha nikampa la pili. Vidole vikapita kwenye kitako, vikapita kwenye kifyatulio, vikafika kwenye mtutu na kusimama. Vikarudi nyuma. Vikatafuta.

"Taji liko wapi?"

"Taji gani, baba?"

"Kuna alama ya taji imegongwa hapa, juu ya mtutu. Na pete ya shaba hapa. Nimeshika taji lile tangu sijaota ndevu." Aliendelea kutafuta. Kisha akaisukuma bunduki kwa viganja vyote viwili. "Hii siyo bunduki ya baba yangu. Umemwachia nani, Yeremia?"

Hapo nikajua ni kazi ya Mzee Ojuok. Ndiyo maana alisema haitengenezeki! Ameng'oa mtutu wa babu, ameweka bomba, halafu amenipa nasaha. Nilikumbuka usafi wa karakana, miwani, mwandiko, nikaona vyote ni mtego.

Chenge alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Nilimwuliza anaonaje. Alitazama miguu yake. "Watu wa ng'ambo sisi hatuwajui," alisema.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimetoa taarifa polisi. Nilipewa kiti. Afisa mmoja ana mtoto wake darasa la sita shuleni kwangu, akaagiza niletewe chai. Aliandika huku akitikisa kichwa.

"Mwalimu, taji hilo uliliona mwenyewe siku ulipomkabidhi?"

"Ndiyo."

Sikuliona. Sikuwa hata najua lipo. Lakini baba amelishika maisha yake yote, na mimi ni mtoto wake, kwa hiyo ni kama nimeliona.

Afisa alisema, "Maelezo yakitoka kwa mwalimu, kazi inakuwa rahisi." Nilitoka nimenyooka.

Jumatano, 4 Desemba

Rose ameniita pembeni wakati wa mapumziko. Walimchukua Mzee Ojuok jana asubuhi. Walimpitisha gatini na pingu, watu wakisubiri kivuko, nyuma yake askari wamebeba gunia la vifaa vyake na bunduki za wateja. Mtu akapiga kelele "mwizi wa silaha," na wengine wakapokea.

"Una uhakika, Mwalimu Yeremia?"

Nilimjibu kwamba baba yangu hawezi kukosea kuhusu bunduki ya baba yake. Rose alirudi darasani kabla kengele haijalia.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumefunga shule. Nimerudi mapema na zawadi ya sukari kutoka kamati ya wazazi. Getruda alikuwa uani na beseni la kufulia, koti langu limelala kwenye goti lake, na karatasi iko mkononi.

"Baba Sabina, hii umeisoma?"

Naiandika hapa neno kwa neno.

*Nimepokea kwa Mwl. Yeremia Mashimba wa Usagara magobore mawili. La 1: mtutu wa asili, springi imevunjika, kichuchu kimeziba. La 2: kitako ni cha asili. Mtutu si wa asili ya bunduki hii. Ni bomba lililofungwa na mhunzi, halina alama yoyote, halina pete. Kovu la kupasuka lipo kwenye kitako, kazi ya zamani. Mteja ameonyeshwa.*

Chini yake fundi amesaini. Na chini ya fundi kuna saini yangu, ile ndefu yenye mkia, ninayoiweka kwenye vyeti vya darasa la saba.

Miaka ishirini na saba nafundisha watoto kusoma.

Getruda alisubiri niseme kitu. Nilisema nitakwenda polisi kesho asubuhi. Alikunja karatasi, akanirudishia, akaendelea kufua.

Jumamosi, 7 Desemba

Upepo mkali. Wanasema kivuko cha Kamanga kimesimama kwa mawimbi. Sijaenda.

(Kituo cha polisi kiko upande huu wa ziwa. Hakuna haja ya kivuko. Naandika ili nisijidanganye na hapa.)

Jumapili, 8 Desemba

Nimesoma somo la kwanza. Sauti haikutetemeka, ndilo linaloniogopesha. Sijaenda.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nilijiambia kwamba ofisi zimefungwa, kana kwamba polisi hufunga. Sijaenda.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Getruda ananipakulia chakula, anakiweka mezani, anakwenda kula jikoni. Nimevaa koti mara mbili na kulivua mara mbili. Nilichokuwa nakiona kila nikilivaa si uso wa Mzee Ojuok. Ni uso wa yule afisa, na kiti, na kikombe cha chai. Ninaogopa kupokonywa kiti.

Jumatano, 11 Desemba

Nimemkuta Chenge shambani akipalilia. Nilimpa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, jembe limeegemea bega, kisha akaketi kwenye tuta lenye tope.

"Lilipasuka," alisema.

Ilikuwa mwaka ule viboko walipotoka ziwani, naye akilinda mpunga wa baba kule bondeni. Aliazima la pili bila kuomba, akashindilia baruti nyingi kwa woga. Mtutu ukachanika kama ganda la mua. Alinusurika kwa kuwa alikuwa ameinama nyuma ya kichuguu na kuvuta kifyatulio kwa kamba. Akapeleka kitako kwa mhunzi, akafungiwa bomba, akarudisha sandukuni. Vipande vya mtutu wa babu alivitupa ziwani, pamoja na taji na pete. Baba alikuwa ameanza kupoteza macho. Hakuna aliyelifungua sanduku tena kwa miaka kumi na tisa.

"Siku ile baba anapapasa ulikuwepo," nilimwambia. "Ulijua naelekea polisi. Ukanyamaza! Mzee wa watu anafungwa pingu, wewe umenyamaza?"

Aliinua macho. Alikuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Hii karatasi umekuwa nayo tangu lini, kaka?"

Nilichukua karatasi yangu mkononi mwake. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nisikutane na watu.

Alhamisi, 12 Desemba

Sijaenda.

Jumamosi, 14 Desemba

Sijaenda. Magugu yamezidi mahindi.

Jumapili, 15 Desemba

Sikwenda kanisani. Nilisema nina homa. Getruda alirudi kutoka misani, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya koti.

"Baba Sabina, kesho nakwenda mimi. Nitawaambia mume wangu anaumwa, nimeleta karatasi yake. Sitasema zaidi. Lakini wataniuliza unaumwa nini."

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekwenda. Getruda alinisindikiza hadi barabarani, akasimama mpaka niingie kwenye gari.

Afisa alisoma karatasi mara mbili. Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na gunia, akatoa kitabu cha risiti cha Mzee Ojuok, akafunua kurasa mpaka akaikuta nakala. Maneno yaleyale. Kilikuwa humo siku zote.

"Alituambia," afisa alisema, kama anayejisemea. "Siku ya kwanza alisema, someni kitabu." Akanitazama. Safari hii nilikuwa nimesimama. "Hii karatasi uliipata lini, mwalimu?"

"Jana," nilisema.

Nilisikia neno likitoka. Lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye maelezo, nami nikatia saini, ile yenye mkia. Siku kumi nilikaa na karatasi kimya, na nilipofungua mdomo nikatoa uongo mwingine.

Kisha akaniambia mengine. Mzee alilala mahabusu siku tatu, akatoka kwa dhamana, na tangu hapo anaripoti kila baada ya siku moja, kuvuka kuja na kuvuka kurudi. Hajakosa hata mara moja. Siku kivuko cha Kamanga kiliposimama kwa mawimbi, alizunguka kwa barabara mpaka Busisi, akavukia Kigongo. Alifika amelowa mpaka kwenye soksi.

Siku hiyo mimi nilikuwa nyumbani, nimeandika kwamba kuna upepo.

Ijumaa, 20 Desemba

Kamanga. Nilijua karakana ilipo, lakini niliuliza njia ili nichelewe.

Mlango ulikuwa na kufuli. Nyumba yao iko nyuma. Mkewe, Mama Agutu, alikuwa anapepeta ulezi. Nilimwamkia, nikamwambia jina langu. Ungo ulisimama. Hakunikaribisha ndani. Alileta kigoda, akakiweka uani juani, akaenda kumwita mumewe.

Mzee Ojuok alitoka bila miwani. Waya ulikatika mahabusu.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilisema mawili matatu, yakaisha. Nikamwambia bunduki ilipasuliwa na mdogo wangu, kwamba karatasi yake ilikuwa kweli tupu, kwamba nimekwisha kueleza polisi, naomba radhi.

Mama Agutu alisimama mlangoni.

"Karatasi uliiona lini?" mzee aliuliza.

Angeweza kuuliza jambo lingine lolote. Nilitazama mikono yake. Iko safi, kucha zimekatwa, haina dalili ya kazi tangu siku ile.

"Tarehe sita."

"Tarehe sita ndiyo niliyotoka ndani." Alihesabu kwa vidole, polepole, bila hasira. "Baada ya hapo nimevuka mara tano kabla hujakwenda."

"Ndiyo, mzee."

"Polisi uliwaambia tarehe sita?"

"Niliwaambia niliipata jana yake, tarehe kumi na tano."

Mama Agutu alisema kitu kwa Kijaluo. Mumewe aliinua mkono kumtuliza.

"Mwalimu, mimi watu wananiletea kitu cha kuua. Wananiachia, wanakwenda zao. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu ya jina langu tu, sina kingine. Wateja kumi na mmoja bunduki zao ziko polisi. Watano wamekuja hapa kunitukana, wengine hawaji tena. Sasa nikuulize. Nilipochukuliwa, walinipitisha wapi?"

"Gatini."

"Basi. Ulichoniambia hapa uani, mimi nilikuwa nakijua tayari. Mke wangu anakijua. Kesho ni Jumamosi, watu wa gulio wanavuka."

Aliinuka kabla sijajibu. Kigoda nilikirudisha mlangoni mwenyewe.

Jumamosi, 21 Desemba

Nilifika na kivuko cha kwanza, nikasubiri gati lijae. Wanawake na ndoo za dagaa, wafanyabiashara na magunia ya muhogo, ng'ombe watatu wamefungwa kwenye nguzo, bodaboda, mtu na jogoo kwapani. Mzee Ojuok na mkewe walisimama juu, karibu na karakana, hawakushuka.

Nimezungumza mbele za watu maisha yangu yote. Leo sikujua pa kuweka mikono.

Nilisema jina langu na shule yangu. Watu wachache waligeuka. Mwanamke mwenye dagaa alipaza sauti, "Sema kwa nguvu, mwalimu, hatusikii!" Nikaanza upya.

Nilisema: mzee mliyemwona amefungwa pingu hapa hakuiba kitu. Nilimshtaki mimi. Niliwaambia polisi nimeona alama kwenye bunduki, nami sikuiona. Alikuwa ameniandikia ukweli kwenye karatasi, nikatia saini bila kusoma. Nilipoisoma, niliificha siku kumi kwa sababu niliona aibu, na nilipoipeleka nilidanganya siku niliyoipata. Bunduki ilivunjwa nyumbani kwetu. Na kama angekubali kuitengeneza kama nilivyotaka, ingeniua mimi au baba yangu.

Hakuna aliyepiga makofi, na afadhali. Mtu mmoja alicheka. Mzee mmoja mwenye bakora alitema mate chini, si karibu yangu sana. Mwenye dagaa aliuliza, "Na wewe utafungwa lini?" Nikasema sijui, ila kutoka hapa naenda polisi kubadilisha maelezo. "Nenda," alisema, akainua ndoo yake.

Nilipotazama juu, Mzee Ojuok alikuwa ameshaingia ndani. Mama Agutu alibaki. Hakuinamisha kichwa wala kupunga. Alitazama mpaka kivuko kikaondoka nami.

Polisi nilieleza tarehe sita, na habari ya taji. Afisa aliandika bila kuniangalia. Alisema hatua dhidi yangu wataamua wakubwa. Mtoto wake, alisema, mwakani anamhamisha shule.

Jumatano, 25 Desemba

Nimemwandikia padri kuacha usomaji na kamati ya parokia. Hakunibembeleza.

Mchana mimi na Chenge tulimweleza baba, Chenge kwanza. Baba alisikiliza uso ukiwa umeelekea ukutani. Nilimwuliza kama anataka nilipige lile la kwanza, limepona, ana haki ya kulisikia.

"Weka chini," alisema.

Ijumaa, 27 Desemba

Baba amezungumza leo, baada ya siku mbili. Aliuliza, "Huyo fundi, baba yake anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa sijamwuliza mzee yule jambo lolote linalomhusu yeye.

"Nimemfanya mwizi mtu nisiyemjua hata baba yake," alisema.

Jumanne, 14 Januari

Shule zimefunguliwa. Ofisi ya elimu wameniita, nimepewa onyo la maandishi. Rose ananisalimia. Kwenye kona ya wasichana bado kunavuja.

Ijumaa, 24 Januari

Uhakiki. Gobore la kwanza limeandikwa kwa jina langu. La pili nimelisalimisha, kitako na bomba. Chenge alilibeba yeye.

Mzee Ojuok amerudishiwa kibali, vifaa na bunduki za wateja. Rose ndiye aliyenieleza. Mimi sijathubutu kuuliza.

Jumapili, 2 Februari

Baba alitaka apelekwe Kamanga. Tulimkatalia kwa ajili ya afya. Akamtuma Chenge na kondoo. Chenge alirudi jioni na kondoo. Mzee Ojuok alimpokea, akamkaribisha chai ndani, wakazungumza mpaka honi ya mwisho. Kondoo alimkataa, akasema watu wakimwona naye watadhani ameuza jina lake. Amemtumia baba salamu, na jina la baba yake, Opiyo.

Chenge aliingia ndani. Mimi sijawahi kuingia zaidi ya karakana.

Jumamosi, 22 Februari

Mahindi yanakauka. Tutaanza kuvuna wiki ijayo.

Mchana nimepigiwa simu na mtu wa Magu, nisiyemfahamu. Ana gobore la ukoo, amepewa namba yangu na mwalimu mwenzangu, ameambiwa mimi nilihangaika mpaka nikapata fundi. "Nataka mtu mwaminifu," alisema. "Unamjua?"

Nilimwambia namjua. Aliniuliza kama alinitengenezea vizuri.

Ningeweza kusema ndiyo, nikampa namba, tukaagana. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikamsimulia yote, tangu honi ya kivuko. Hakunikatiza.

"Nipe namba ya huyo mzee," alisema.

Nilimtajia, tarakimu moja moja. Alizirudia zote.

"Asante. Yako naifuta," akasema, akakata.